Kuhamisha mtoto masomo hapa Kolwezi: siku za katikati ndizo za kuchunga



Najua wengine watacheka: agronome anatafuta nini katika mambo ya watoto wadogo na masomo? Bon. Hapa kwetu mtu akishapata lisansi, familia haiulizi tena alisomea nini. Umesoma, basi wewe ndiye wa kwenda kumuona direkta, wewe wa kujaza fomu, wewe wa kusoma barua iliyotoka komuni. Kwa miaka minne sasa nimetafutia nafasi watoto sita, wa dada zangu na wa jirani mmoja, huku Manika na kule Dilala, wote chini ya miaka kumi. Naandika yale niliyoyaona na yale niliyoyasoma kisha, maana najua wengi wenu mnafanya kazi hiyo hiyo, na hakuna aliyewafundisha.

Mji wetu unahamahama. Mwaka 2014 watu walikuta kobalti chini ya nyumba za Kasulo na kartiye ikageuka mashimo. Mwaka 2017 sehemu yake ikazungushiwa ukuta, na familia mamia zikatafuta kwingine pa kukaa. Septemba 2023 Amnesty International na IBGDH walitoa ripoti iliyozungumza, pamoja na mengine, juu ya watu wa Cité Gécamines waliohamishwa kwa ajili ya mgodi wa COMMUS. Hayo ndiyo yanayosikika mpaka Ulaya. Yasiyosikika ni mengi zaidi. Baba alikuwa na kontra ya miezi sita Fungurume, kontra imeisha. Mama ameachana na baba, amerudi kwa wazazi wake Luilu. Minervali ya shule ya privé imeshinda familia, mtoto anapelekwa shule ya serikali, kwa kuwa tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure. Na kuna familia zinazoshuka kutoka Kasai, kwa gari moshi ya SNCC au juu ya malori, kupitia Kamina, kuja kutafuta maisha kwenye migodi.

Kwa mtu mzima hizo ni sababu mbalimbali, na kila moja ina karatasi zake. Kwa mtoto wa miaka saba ni jambo moja tu: asubuhi moja, njia imebadilika.

Sisi tukisema masomo tunaona programu, walimu, pointi. Mtoto wa mwaka wa pili anaona vingine kabisa. Anaona ule mwembe ambapo wanangojana asubuhi. Anamwona mama anayeuza mikate kwenye kona na anayemjua kwa jina. Anamwona rafiki wa benchi moja, na yule mwalimu ambaye akikohoa tu, kalasi nzima inajua leo si siku ya mchezo. Vyote hivyo amevijifunza kwa mwaka mzima au miwili, na ni elimu kubwa, hata kama haiandikwi kwenye buletini. Akihamishwa, elimu hiyo yote haimfai tena kitu. Ndiyo maana mtoto aliyekuwa wa tatu kwenye kalasi yake anaweza kuonekana mjinga mahali pengine mwezi mzima, wakati akili yake haijaenda popote.

Jambo ambalo familia zetu hazifanyi ni kumwambia. Desturi yetu ni kwamba mtoto haingii katika maneno ya wakubwa, na desturi hiyo ina uzuri wake. Lakini nyumba zetu zina kuta nyembamba. Mtoto anasikia nusu: "kampani", "wiki ijayo", "tutaenda wapi". Ile nusu nyingine anaijaza yeye mwenyewe, na mtoto mdogo akijaza, anajiweka yeye katikati ya maneno. Mpwa wangu wa miaka saba alikaa wiki tatu akiamini kwamba wanahama juu ya zero aliyopata kwenye diktee. Tuligundua usiku mmoja aliponiuliza: "Tantine, nikipata kumi ku kumi, tutabakia?"

Kwa hiyo mwambie mapema, kwa maneno machache, na umwambie ya kweli kwa kiasi chake. "Kampani inachukua kartiye yetu. Hawachukui juu yako, wala juu ya baba. Tunaenda kukaa Kanina. Masomo ya hapa utayamaliza ijumaa. Kule utaanza jumatano." Mtoto anataka kujua siku. Anataka pia kujua vitu vidogo ambavyo wewe huvifikirii: mbwa anakwenda? Nitalala na nani? Nani atanipeleka? Mjibu hayo kabla ya kumweleza mambo ya fidia. Wala usimdanganye kwamba mtarudi, kama nyumba inavunjwa. Kuna wazazi wanasema "tutarudi" ili mtoto anyamaze, naye ananyamaza kweli, kisha anakataa kushika masomo mapya miezi na miezi kwa sababu anangojea. Wala usimsifie mno kule mnakokwenda. Akifika akakuta vumbi na choo kimoja cha watoto wote, utakuwa umepoteza neno lako kwake.

Sasa nifike kwenye jambo lililonisukuma kuandika. Tunafikiri siku ngumu ni siku ya kwanza kwenye masomo mapya. Siyo. Hapa Kolwezi hatari iko kwenye siku za katikati, kati ya kalasi ya zamani na kalasi mpya. Angalia vile inavyokwenda. Familia imehama jumatatu, masomo ya zamani yako mbali sasa. Direkta mpya anaomba buletini. Buletini iko kule, imezuiwa juu ya deni la minervali. Direkta anasema rudi wiki ijayo. Baba yuko kazini, mama anatafuta maji na kupanga nyumba, wiki ijayo inakuwa wiki tatu. Na mtoto wa miaka minane hakai nyumbani wiki tatu. Anafuata wenzake. Wenzake wanakwenda kuokota na kuosha mawe, wanarudi na franka za kununua mikate na kumpa mama sabuni. Mama hajamtuma, lakini sabuni imefika. Siku nafasi inapopatikana, masomo yamekuwa kitu cha kujadiliana na mtoto mwenyewe. Ripoti ya Amnesty International na Afrewatch ya mwaka 2016 juu ya kobalti iliwahoji watoto waliokuwa wakifanya kazi hizo, na shida ya pesa za shule ilikuwemo kwenye maneno yao. Mimi nasema shida ya karatasi pia imo, ila hiyo haipigi kelele.

Marekani wana watoto wa wanajeshi, ambao huhama kila baada ya miaka michache kwa kumfuata mzazi. Mwaka 2008 ulianza kufanya kazi mkataba kati ya majimbo yao, na leo majimbo yote 50 yamo ndani. Moja ya mambo yaliyomo ni hili: shule inayompokea mtoto inamweka kalasini kwa karatasi zisizo rasmi alizokuja nazo mkononi, na zile rasmi zinafuata kutoka shule hadi shule. Nilipolisoma hilo nilifurahi na nikakasirika pamoja. Kumbe mtu anaweza kuandika sheria ambayo inamtanguliza mtoto mbele ya karatasi!

Sisi hatuna mkataba huo, lakini tuna simu. Kabla ya kufunga mizigo, piga picha ya buletini zote za mtoto, mbele na nyuma, zile za mwaka uliopita pia. Hakikisha namba yake ya kudumu, ile iliyoandikwa No PERM, inasomeka. Omba atestasio ya kwamba mtoto alikuwa anasoma pale, yenye tarehe, mwaka wa kalasi na mhuri. Kama kuna deni, nenda ukaongee na direkta kabla ya kuhama, ukiwa bado jirani yake; mkiisha kuhama, anajua hatawaona tena, na buletini ndiyo rehani pekee aliyobaki nayo. Mimi ninamuelewa, naye analipa walimu. Nimeona direkta akikubali kutoa atestasio huku buletini ikibaki mpaka deni liishe. Na kwa direkta anayepokea kuna ombi moja ambalo mara nyingi linakubaliwa, ukiliomba kwa heshima: "Mwache aketi kalasini kwanza, asikilize tu, mpaka karatasi zifike." Hapo ndipo lisansi yetu inatumika kweli. Mama peke yake akiomba, anaambiwa arudi. Ukienda naye, umevaa vizuri, umeshika picha na atestasio, mnasikilizwa. Si haki, lakini ndivyo ilivyo, na afadhali itumike kwa mtoto.

Kama siku za katikati haziepukiki, saa za masomo zibaki nyumbani. Aamke saa ile ile, aoge, afungue daftari hata saa moja, dada mkubwa au yaya amsomeshe kusoma na hesabu. Wengine humwacha mtoto kwa nyanya yake karibu na masomo ya zamani. Kwa wiki mbili, sawa. Kwa trimestre nzima siipendi, maana mtoto mdogo anayehama baada ya wenzake anahama mara mbili.

Kisha kuna lugha, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo watoto wengi wanapohukumiwa bila kosa.

Katiba yetu ya 2006 inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba, na Kifaransa ndicho lugha rasmi. Katika miaka ya kwanza ya shule ya msingi, programu inataka mtoto aanze kusoma na kuandika kwa lugha ya taifa ya eneo lake, Kifaransa kikiingia polepole. Kwetu ni Kiswahili, Kasai ni Tshiluba. Huo ni mpango mzuri kwa mtoto asiyehama. Sasa mchukue mtoto wa mwaka wa pili wa Mwene-Ditu, umlete Kolwezi mwezi wa kumi na moja. Alikuwa anaanza kuunganisha herufi kwa Tshiluba. Hapa anakuta kila kitu kwa Kiswahili, au, kama ni privé, kwa Kifaransa tangu siku ya kwanza. Anaingia asubuhi anasalimia "moyo", kama alivyofundishwa na mama yake, na kalasi inacheka, kwa sababu kwetu moyo ni ule unaopiga kifuani. Kuanzia siku hiyo hafungui kinywa. Mwalimu ana watoto wengi mno, tangu masomo yawe bure kalasi zimejaa. Anamuuliza mara mbili, hajibu, anaandika: dhaifu.

Kabla ya kukubali neno hilo, mwombe mwalimu jambo dogo, au ulifanye wewe nyumbani. Mpe mtoto hesabu kwa lugha aliyojifunzia. Mtoto anayekuambia kwamba isatu na isatu ni isambombo anajua kwamba tatu na tatu ni sita. Kinachokosekana ni jina tu, na majina ya namba yanajifunzwa kwa wiki moja ya kuimba. Mpe pia asome mistari michache ya Tshiluba. Kama anaunganisha herufi vizuri, kazi kubwa imekwisha fanyika, maana Kiswahili kinaandikwa kwa herufi zile zile na kwa ndugu wa maneno yale yale. Huyo harudishwi mwaka wa kwanza. Anahitaji mwenzake wa kumtafsiria, na kwenye kalasi za Kolwezi hakosekani mtoto mwenye nyanya wa Kasai. Aketishwe naye benchi moja. Mwalimu hapotezi chochote.

Hata watoto wa hapa hapa wana shida yao ndogo. Kiswahili cha kitabu kinasema "watoto wanakwenda", cha nyumbani kinasema "batoto banaenda". Mtoto aliyezoea mwalimu anayecheka na kurekebisha polepole, akikuta mwingine anayefoka, anafikiri amesahau kusema. Nyumbani msimsahihishe kila neno. Mwacheni aongee.

Na wazazi wenzangu wa hapa, tuwe wakweli. Mwaka 1992 na 1993 familia za watu wa asili ya Kasai zilifukuzwa Kolwezi na Likasi, watu walilala kwenye vituo vya gari moshi na watoto wao. Maneno ya wakati ule bado yapo mezani kwetu, tunayasema tukila bukari. Mtoto wetu anayabeba, anamtupia mgeni wa benchi la nyuma. Mwalimu hawezi kuyafuta peke yake.

Jina pia linaweza kumponza mtoto. Nyumbani anaitwa kwa jina la utani au prenomu. Kwenye buletini ameandikwa majina matatu, na mwalimu mpya anaita lile la babu, ambalo mtoto hajawahi kuitwa. Haitikii. Mwalimu anadhani ni kiburi. Nimemwona mtoto wa miaka sita akiandikwa hayupo siku mbili, naye amekaa pale. Kwa hiyo wiki moja kabla ya kuanza mzoeze: "Kule watakuita hivi, na wewe utasema *présent*." Na mwalimu mwambie mambo matatu tu, ana kazi nyingi: jina analoitikia, lugha anayoielewa, na kitu anachokiweza, kama kuchora au kuimba au mpira.

Njia ya kwenda, ipitieni pamoja mara mbili au tatu kabla, kwa miguu, kwa mwendo wake, si kwa motari. Mwonyeshe barabara ya malori iko wapi na anavukia wapi. Siku ya kwanza mfike mapema, kengele haijalia. Mtoto anayeingia wa mwisho anatazamwa na kalasi nzima. Anayefika wa kwanza, yeye ndiye anawatazama wengine wakiingia. Na siku ya soko au jumapili, mrudishe kwa rafiki wa zamani, au rafiki aje. Wengine wanaona hilo linamchelewesha kuzoea. Mimi nimeona kinyume, na hapa mnisamehe nirudi shambani kidogo: ukitoa mche wa nyanya kwenye pepinieri, hutikisi udongo wote wa mizizi. Unauhamisha na bonge lake la udongo, jioni, na unamwagilia kwanza. Hata hivyo, unalala majani siku kadhaa, na hakuna anayeung'oa kwa kusema umekufa.

Kwa mtoto, kulala majani kunaonekana hivi: tumbo linauma kila asubuhi na linapona saa nne, hali vizuri, analia kwa jambo dogo, anarudi kuongea kama mdogo wake, anakojoa kitandani wakati alikuwa ameacha. Homa na tumbo, kwanza apimwe malaria, tusicheze na hilo. Vipimo vikionyesha hana kitu, mjue ni mahamisho, na kwa wengi hupungua polepole katika wiki za kwanza, kama nyumbani pametulia. Usimpige juu ya godoro. Maji kidogo jioni, akojoe kabla ya kulala, godoro likaushwe bila jirani kuitwa kutazama. Miezi miwili ikipita na hali inazidi, au ameacha kuongea kabisa, mpeleke kwa daktari.

Nasema hivi kwa sababu mnajua kuna maelezo mengine yanayosubiri mlangoni. Familia imehama, baba amepoteza kazi, mtoto anakojoa usiku, anaota na kupiga kelele, pointi zimeshuka. Mtu mmoja tu anahitajika, shangazi au mwombezi, kusema: "Huyu mtoto hayuko muzuri, ni mulozi." Watoto wanatupwa barabarani kwa neno hilo. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi na inaadhibu anayefanya hivyo. Itajeni kwa sauti kwenye vikao vya familia. Sisi tuliosoma tukinyamaza pale, kunyamaza kwetu kunahesabiwa kama kukubali.

Limebaki jambo la wote. Kanuni za migodi za 2018 zina mwongozo mzima juu ya kuhamisha watu. Nimeketi kwenye mikutano miwili ya namna hiyo. Waliniita ili nihesabu miembe, miparachichi na mihogo ya kulipwa. Watu waliuliza bati, mita za parsele, bei ya kila mti. Waliuliza vizuri sana. Hakuna aliyeuliza tunahama mwezi gani. Kumbe mwezi ndio karibu kila kitu kwa mtoto: Julai na Agosti hakuna masomo, na mtu akianza Septemba, kila mtoto kwenye kalasi ni mgeni kidogo. Kama haiwezekani, basi iwe mwisho wa trimestre, mitihani imekwisha, buletini zimetoka. Kama hata hiyo haiwezekani, anayehamisha aweke gari la kuwapeleka watoto kwenye masomo yao ya zamani mpaka mwaka uishe. Na wale waliokuwa kalasi moja wapelekwe kalasi moja, hata wawili wawili. Hilo halina gharama, linahitaji orodha tu.

Orodha ya avenyu yetu nimeshaianza, na ina nguzo nne: jina la nyumbani, majina ya buletini, mwaka wa kalasi, lugha. Nina watoto 31 mpaka sasa. Mkutano ujao ni kisha Pasaka. Nani kati yenu yuko upande wa Luilu au Kapata, aanze ya kwake, tuziunganishe kabla ya siku hiyo?